Kuta na Mabasi ya Dar es Salaam

(Hotuba iliyotolewa bwaloni, Siku ya Wahitimu, na mhitimu wa kidato cha nne wa mwaka 1998)



Kamati iliponiandikia iliniachia uhuru wa kuchagua jambo la kuzungumzia. Nilifikiri kwanza nieleze juu ya kazi yangu ya utumishi wa serikali. Lakini nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tukisinzia katika bwalo hili hili kila mgeni alipotueleza juu ya kazi yake, nikaona nisiwatese wadogo zangu. Kwa hiyo nitazungumza juu ya jambo ninalolifanya siku za Jumamosi, ambalo silipwi hata senti moja, nalo ni kupiga picha za kuta zilizochorwa na za mabasi ya abiria katika jiji la Dar es Salaam. Mwishoni nitaungama kosa nililolifanya humu humu bwaloni. Kwa hiyo walioketi karibu na mlango wasitoke mapema.

JINSI NILIVYOANZA

Nilifika Dar es Salaam mwaka 2001 kuanza masomo ya Chuo Kikuu. Basi la kwanza nililolipanda mjini lilikuwa Hiace ndogo, zile ambazo wakazi wa jiji waliziita vipanya. Konda aliniambia, "Songea huko, kaka, siti ya watu wanne hiyo," nami nilipoihesabu niliona ni ya watu watatu. Kutoka Ubungo mpaka Mwenge nilisafiri nimeinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Niliposhuka, nilitazama nyuma ya gari nikaona pameandikwa kwa brashi maneno mawili tu: "Mchumia Juani". Methali yenyewe haikumaliziwa. Aliyetakiwa kuimalizia ni wewe uliyebaki kituoni.

Mwaka 2003 nilinunua kamera kuukuu kutoka kwa mwanafunzi mwenzangu. Wadogo zangu, ninyi mmezoea simu, basi niwaambie kwamba filamu moja ilikuwa na picha 36, na kuisafisha na kuchapisha picha zake kulikuwa ni sawa na kujinyima chai ya asubuhi kwa majuma kadhaa. Mtu hakupiga ovyo. Katika muda wangu wa chuo nilipiga picha za marafiki, za sherehe na za bahari. Sikupiga hata picha moja ya kipanya. Niliona kwamba hakuna haja, kwani vimejaa kila mahali.

Miaka ilivyopita, vipanya viliondolewa katika njia za katikati ya jiji, na magari makubwa zaidi yakashika nafasi yake. Siku moja mwanangu aliniuliza kipanya kilikuwaje. Nikafungua sanduku la picha zangu zote za ujana, nikakuta bahari.

MABASI YA JIJI

Kwa faida ya wadogo zetu naomba nieleze historia yake kwa kifupi. Zamani mabasi ya Dar es Salaam yaliendeshwa na kampuni iliyoitwa DMT. Kampuni hiyo ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 kazi yake ikagawanywa: UDA ikapewa usafiri wa mjini, na KAMATA ikapewa mabasi ya kwenda mikoani. Wazee wetu waliopo hapa watayakumbuka mabasi marefu ya UDA aina ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyoungwa katikati kama mwili wa siafu. Watu waliyaita kumbakumba, kwa sababu yalizoa kituo kizima.

Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980, nchi ilikuwa imetoka vitani, fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa adimu, na mabasi mengi yalilala gereji. Watu walipanda walichopata, yakiwemo yale magari ya chai maharage ambayo abiria waliketi wakitazamana. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Nauli yake ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Hapo ndipo lilipotokea jina la daladala. Sarafu ile haipo tena, lakini kila siku mamilioni ya watu wanaitaja bila kujua.

Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Daladala zilizokuwa zikipita njia ile zilipangiwa njia nyingine. Jambo hili lilikuwa limetangazwa mapema, na safari hii sikurudia kosa la vipanya. Majuma matatu kabla ya siku ile nilikwenda na kamera kila Jumamosi kusimama Manzese, Magomeni na Ubungo. Nilipiga mistari ya rangi ubavuni inayomwonyesha abiria gari linakwenda wapi. Nilipiga wapiga debe wakiita abiria, na konda aliyening'inia mlangoni huku noti zimekunjwa kwa urefu kati ya vidole vyake. Nilipiga maandishi ya nyuma: ya kumshukuru Mungu, ya kumjibu jirani mwenye wivu, na ya kumtaja mama mzazi wa mwenye gari.

Ndugu zangu, sisemi haya kwa kulilia daladala. Mimi mwenyewe ni mpandaji wa mwendokasi, na mtu aliyekwisha kukaa saa mbili kwenye foleni ya Magomeni hana machozi ya kulilia zamani. Nasema tu kwamba kitu kinaweza kustahili kuondoka, na hapo hapo kikastahili kukumbukwa. Mambo hayo mawili hayagombani.

KUTA ZINAZOSEMA

Mtu anayesubiri basi hutazama ukuta, na ndivyo nilivyohama kutoka kwenye mabasi kwenda kwenye kuta.

Mnapotaja uchoraji wa Dar es Salaam, wengi hutaja jina la Edward Saidi Tingatinga. Ni haki yake. Mtu huyu alitoka kusini, upande wa Tunduru, akafanya kazi za vibarua mjini, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao laini za dari kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka minne tu, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Hata vijana wanaochora grafiti, kama wale wa kikundi cha Wachata, wamekuja katika jiji ambalo tayari lilizoea kuona rangi.

Lakini kuta ninazozipenda mimi hazina jina la mtu. Ni ukuta wa kinyozi wenye vichwa vinane vya wanaume, kila kichwa na mtindo wake wa nywele. Ni ukuta wa shule ya watoto wadogo wenye herufi na tembo. Ni ukuta wa mama lishe wenye sahani ya wali iliyojaa kuliko sahani yoyote utakayopewa ndani. Fundi wa kuta hizi huanza kwa kupiga mistari ya chaki ili vichwa vyote vilingane, kisha hutia rangi ya mafuta. Kazi yake haidumu. Jua la pwani hula rangi nyekundu kwanza, ndiyo maana shati jekundu la yule mtu wa kwa kinyozi huwa la waridi baada ya miaka michache, huku nywele zake nyeusi zikibaki vile vile. Baadaye chumvi na unyevu hubandua rangi pamoja na lipu. Na kama jua na chumvi vimechelewa, huja kampuni na ndoo za rangi yake, ikampa mwenye duka fedha kidogo, na ukuta mzima ukawa tangazo.

KINYOZI WA BARABARA YA MOROGORO

Sasa nitaeleza kisa ambacho kilinifundisha kazi hii zaidi ya kitabu chochote.

Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa ili kupisha upanuzi wa barabara. Kabla ya kubomolewa ziliwekwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Jumamosi moja nilikuwa nikipita kati ya Kimara na Mbezi nikaona kibanda cha kinyozi. Ukutani palichorwa vichwa sita, kazi safi kabisa, na X ilipita juu ya vichwa viwili. Nikaona ni picha nzuri. Nikashuka, nikasimama ng'ambo ya barabara, nikainua kamera.

Sikubisha hodi. Sikumsalimu mtu.

Nilipopiga picha ya tatu niliona watu wamenizunguka. Mama mmoja alikuwa ameshika bahasha yenye karatasi za nyumba yake. Mzee mmoja akanisalimia kwa adabu kubwa, akavua na kofia yake, akaniuliza, "Mkubwa, ninyi ndio mnaopima tena? Kuna fidia?" Walidhani nimetumwa. Kwa siku ile, kwa watu wale, mtu mwenye shati la kuchomekea na kamera hakuweza kuwa mtu mwingine. Nami nilikuwa kweli mtumishi wa serikali, ingawa wa idara isiyohusika na barabara, basi sikujua hata niseme nini. Niliwaambia ukweli, kwamba napenda michoro. Mama yule akarudisha karatasi zake katika bahasha moja moja, taratibu. Ndugu zangu, afadhali angenitukana.

Kinyozi mwenyewe ndiye aliyeniokoa. Alitoka ndani na mashine mkononi, akasema, "Kama unapenda michoro, basi tupige na sisi." Akamwita mkewe, akamwita na kijana aliyekuwa ananyolewa, ambaye alikuwa amenyolewa nusu tu. Wakasimama mbele ya ukuta, nikawapiga. Nikaahidi kuwaletea picha.

Nilirudi baada ya majuma matatu, kwa sababu ofisini tulikuwa na kazi nyingi. Nilikuta kifusi. Nikauliza vijana wa bodaboda kinyozi amehamia wapi. Wakaniuliza, "Kinyozi gani? Anaitwa nani?" Palikuwa na vinyozi wengi mahali pale, na wote walikuwa wameondoka. Sikuwa na jina. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu aina ya lenzi, saa, na hali ya mwanga. Jina la mtu sikuliandika, kwa kuwa sikuliuliza. Picha ile ninayo mpaka leo ndani ya bahasha, nami nimekwisha kukata tamaa ya kumpata mwenyewe.

NAMNA YA KUFANYA KAZI HII

Kutokana na makosa hayo nimejiwekea kanuni chache, na ninawakabidhi wadogo zangu ambao wana simu nzuri kuliko kamera yangu ya kwanza.

Kwanza, salimu, jitambulishe, omba ruhusa. Ukikataliwa, shukuru uende zako. Watoto usiwapige bila wazazi wao kujua. Mahali penye kambi, au penye bango linalokataza kupiga picha, ficha kamera yako usije ukamaliza Jumamosi yako ukiandika maelezo.

Pili, andika jina la mwenye ukuta na la fundi aliyechora, mtaa, tarehe na mwaka. Fundi wa ukutani naye ni msanii, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa. Usiichukue kazi yake ukaiuza kama yako. Ukiahidi kupeleka picha, peleka juma hilo hilo.

Tatu, ujue mwanga. Ukuta unaotazama mashariki upige asubuhi, unaotazama magharibi upige jioni. Saa sita mchana jua la Dar es Salaam liko utosini, na kila baraza hutupa kivuli cheusi juu ya mchoro. Simama katikati na sawasawa na ukuta usije ukapinda. Lakini usikate kila kitu ukabakiza mchoro peke yake. Acha benchi, ndoo na miguu ya wapitao ionekane, maana miaka 20 baadaye watu watatazama ndoo kwa mshangao zaidi ya mchoro.

Nne, kwa basi linalokwenda, amua unataka nini. Ukitaka lisimame kabisa katika picha, kipimo cha kasi kiwe sehemu moja ya mia tano ya sekunde au chini yake. Ukitaka mwendo uonekane, tumia sehemu moja ya thelathini, ulifuate basi kwa kamera polepole kama unavyomfuata mtu kwa macho, nalo litatoka wazi huku nyumba za nyuma zimekuwa mistari. Utaharibu nyingi. Mimi niliharibu filamu mbili nzima kabla ya kumpata konda mmoja.

UKUTA WA BWALO

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye deni langu.

Wahitimu wa miaka yetu, tazameni ukuta ule wa mashariki, kati ya dirisha la pili na la tatu. Mwaka 1997, tulipokuwa kidato cha tatu, mwenzetu mmoja alichora hapo basi la kwendea likizo. Alitumia rangi zilizobaki karakana. Juu ya paa la basi kulikuwa na masanduku ya bati na magodoro, na madirishani zilionekana sura zetu. Hazikuwa sura za kubuni. Kila mtu alijijua. Mimi nilikuwa dirisha la nne, na masikio yangu, kwa masikitiko yangu, yalikuwa sahihi.

Mwaka uliofuata nilikuwa kiranja wa bwalo. Siku chache kabla ya mahafali yetu iliamuliwa bwalo lipakwe rangi upya kwa ajili ya mgeni rasmi. Nilipewa ndoo na wanafunzi sita. Tulianza alfajiri, na mpaka uji ulipoiva basi lilikuwa limekwisha. Ukuta ule nilikuwa nimeupaka kwa mkono wangu mwenyewe, tabaka mbili, kwa sababu sura zilikuwa zikijitokeza chini ya tabaka ya kwanza. Hakuna aliyepiga picha. Mchoraji alikuja kunywa uji, akatazama ukuta, akachukua kikombe chake akaenda kunywea nje.

Hatukulizungumza jambo hilo kwa miaka 21. Mwaka 2019 nilikuwa Manzese, karibu na Tip Top, nikipiga picha ya ukuta wa duka la vipuri. Fundi alikuwa bado juu ya ngazi. Safari hii nilikumbuka kanuni yangu, nikasalimu na kuomba ruhusa. Akageuka, akanitazama, akacheka mpaka ngazi ikatikisika.

"Kiranja!" akasema. "Leo umekuja kupaka nini?"

Tulikwenda kunywa chai. Nikamwomba radhi, nikajitetea kwamba niliagizwa. Akanijibu maneno ambayo nayabeba ofisini kila siku. Alisema, "Bwana, mimi nilijua ukuta si wangu. Kazi yangu yote ni ya kufutwa. Nikichora leo najua kesho mwenye duka atataka kingine. Lakini tulilala bweni moja, wewe kitanda cha juu, mimi cha chini. Jioni ile ulikuwa unajua, na hukuniambia. Ningekwenda kuutazama kidogo."

Ndugu zangu, sisi wengi tuliotoka shule hii tumekuwa watu wa kutoa maagizo au kuyatekeleza. Tunapanua barabara, tunahamisha vituo, tunapaka kuta. Mengi ya mambo hayo ni ya lazima, na mtu anayesema jiji lisibadilike hajawahi kusubiri basi. Lakini kumwambia mtu jioni kabla ya kufuta asubuhi hakuhitaji bajeti wala kibali. Kuuliza jina hakugharimu kitu. Mimi nilishindwa mambo hayo mawili, moja nikiwa na brashi na jingine nikiwa na kamera, na mara zote mbili nilijiona mtu mwema anayefanya kazi yake.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wahitimu: mwenye picha yoyote iliyopigwa bwaloni mwaka 1997 au 1998, hata kama ni ya watu wanaokula, atazame nyuma ya vichwa vyao. Huenda basi letu limeonekana, japo gurudumu moja. Ailete kwa Katibu, naye atairudisha salama. Fundi wetu yupo hapa leo, ameketi meza ya tatu, na ameniruhusu kusema haya yote isipokuwa ameniomba nisirudie habari ya masikio.

Kwa wadogo zetu: nilimwomba alichore tena basi lile pale pale. Amekataa. Amesema sura zile zimekwisha kuzeeka, na kwamba wenye sura za sasa wachore basi lao. Namwomba Mkuu wa Shule alifikirie jambo hili. Na ikitokea siku moja ukuta ukahitajika kwa ajili ya mgeni mwingine, naomba tu kiranja wa siku hiyo apite bwenini jioni yake, awaambie wenye basi, na ashike kamera kabla hajashika ndoo.